Bomba Linalomkwepa Mama Mkwe

Kabambare, tarehe 14 Novemba

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Baraza la Familia yetu, kaka yetu mkubwa, Yaya Joël, Kasongo
(Isomwe kwa sauti mbele ya kikao, bila kurukwa hata mstari mmoja.)

Kuhusu: bomba la plastiki lenye vipindo ishirini na saba kati ya tanki langu na jiko la mke wangu

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, shangazi zetu, wajomba mlioalikwa, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kuwa viti havikutosha,

Natumaini barua hii inawakuta mkiwa wazima, na mmekwisha kukaa. Mimi Hippolyte, mdogo wenu, niliyefundisha hesabu na jiografia kwa miaka thelathini na moja, si mtu wa kulalamika. Baraza hili nimeliandikia mara moja tu maishani, kuhusu mbuzi, na jambo lile lilikwisha kwa amani baada ya mbuzi mwenyewe kufa. Leo naandika kuhusu maji, ambayo hatuwezi kungoja yafe.

Mnamjua mke wangu, Anastasie. Mwezi wa nne aliteleza kwenye mteremko wa chemchemi akiwa na bido, dumu la lita ishirini, kichwani. Bido lilipona. Goti halikupona. Muuguzi alilibonyeza pande zote, kisha akasema: «Mama, goti hii ikianguka tena, utatembea na fimbo mpaka siku ya kuzikwa.» Tangu hapo mke wangu hapaswi kubeba hata sufuria iliyojaa, lakini anabeba, kwa kuwa maharage hayaivi kwa maombi. Nikajiwekea nia moja: maji yamfikie jikoni kwa miguu yao wenyewe. Nikanunua tanki la plastiki, nikalikalisha juu ya matofali nyuma ya nyumba, lipokee mvua inayoshuka kwenye mabati. Kutoka tanki mpaka mlango wa jiko ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu mara nne, na mara zote zilikuwa kumi na moja.

Fundi nilikuwa naye nyumbani. Placide, mume wa binti yetu Olga, alijifunza kazi ya mabomba kule Salamabila, akiwapelekea maji wachimbaji wa kuosha mchanga, watu wasiosamehe bomba linalovuja. Ni kijana hodari, mkweli, asiyelewa. Naomba maneno haya yaandikwe kwenye ripoti ya kikao, maana yote yanayofuata yametokana na ubora wake.

Kwa manufaa ya watoto, wakumbushwe tu tulivyolelewa: mkwe wa kiume hapiti mbele ya mama wa mke wake, hamtazami usoni, hatamki jina lake wala hali naye chakula, mpaka siku familia itakapoketi, ipokee kuku na kitenge, na kumfungulia njia. Njia ya Placide haijafunguliwa hata leo. Kwa nini haijafunguliwa, nitasema kwenye lalamiko la sita, kwa upole wote nitakaokuwa nimebakiza.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu safari ya bomba. Nilimwambia Placide avute bomba moja kwa moja kutoka tanki hadi jikoni. Aliondoa kofia, akatazama chini, akasema: «Baba, mama iko anakaa kule kwenye kiti yake, mbele ya mulango. Nikinyoosha bomba kutoka huku, ni kama ninamunyooshea kidole.» Nilimweleza kwamba bomba si kidole. Akajibu kwa adabu kubwa: «Mikono yenye kuliweka ni yangu, Baba. Pahali mikono yangu imefika, nimefika.» Ndugu zangu, mimi nimewahi kuwashinda wakaguzi wa shule kwa hoja, lakini hoja ile sikupata pa kuishikia. Basi bomba likatoka kwenye tanki likiwa limeligeuzia jiko mgongo. Lilielekea kwenye ua wa jirani, likafuata ua, likazunguka chumba changu cha kulala, likapita chini ya dirisha la sebule kwa kuinama, na kwenye dirisha la jiko, ambako mke wangu hupenda kuchungulia akikata mboga, likapanda ukuta na kupita juu ya kichwa chake, ili wasionane. Mabomba saba ya mita sita yamekwisha kwenye safari ya hatua kumi na moja.

2. Kuhusu uchaguzi wa kude. Kwa wasiojua, kude ni kile kiungo kifupi kinacholipindisha bomba. Zipo kude kamili, zinazogeuza bomba kama kona ya daftari, na zipo nusu-kude, zinazolipinda kidogo, kama mtu anayepisha pikipiki barabarani. Tulikwenda wawili kuzichagua kwenye duka la Iliasi, mtu mwema, mcha Mungu, mwenye kila kitu isipokuwa ukimya. Nilitaka nusu-kude kila mahali, kwa kuwa maji huzipita bila kugombana. Placide alikataa. Kumbe kichwani mwake kulikuwa na sheria nzima: kwa mama mkwe mwenyewe ni kude kamili, kwa wadogo zake mama mkwe, wanaokuja Jumapili na kukaa upande wa sebule, nusu-kude inatosha. Alizichambua mezani mafungu mawili, kude kamili kumi na tisa na nusu-kude nane, akiingiza kidole ndani ya kila moja kuhakikisha haina ufa. Iliasi alihesabu pamoja naye, kisha akaniuliza mbele ya wateja: «Mwalimu, bomba hii inaenda jikoni ao inaenda Lusangi?» Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuja kununua misumari akasema: «Muache mukwe ya watu, ye angalau iko na haya. Wangu anapita mbele yangu na kaptula.» Tangu siku hiyo, nikipita sokoni, kuna watu wananipisha kwa kupinda kona.

3. Kuhusu kiungo cha midomo mitatu, ambacho mafundi hukiita te. Niliomba te moja tu, ili maji yaende jikoni kwa upande mmoja na kwenye kibanda changu cha kuogea kwa upande mwingine. Ni ombi dogo la mtu mzima anayeogea ndoo. Placide aliishika te kiganjani, akaigeuza, uso ukambadilika. Alisema te ina mikono miwili: mmoja utakuwa jikoni kwa mama mkwe, na mwingine kwa baba mkwe akiwa uchi. «Baba, hiyo hata kwa Salamabila haifanyike.» Akairudisha kwa Iliasi na kuomba radhi, sijui kwa Iliasi au kwa te.

4. Kuhusu robine. Robine ya jikoni, ile koki ya kufungulia maji, inatazama ukuta. Placide anasema si vizuri imtazame mama. Na kabla ya kuufikia ukuta huo, aliweka kiungo cha kupunguza, kinacholitoa bomba kwenye unene na kuliingiza kwenye wembamba, kwa sababu, kwa maelezo yake, mtu akikaribia pahali pa mkwe hupunguza sauti. Nakiri mbele ya kikao kwamba amefanikiwa. Maji yanapunguza sauti mpaka hayasikiki. Kule juu ya dirisha, penye mgongo wa bomba, hewa imekaa na haitaki kuondoka. Yanayofanikiwa kuipita yanadondoka tone kwa tone. Beseni linalotegwa kengele ya misa ya asubuhi inapolia hujaa saa sita mchana, tena likiwa dogo. Iliasi alikuja kutazama, akaweka sikio kwenye bomba kama daktari, akasema: «Hapana haribika. Imechoka tu.»

5. Kuhusu kuvuja. Wiki iliyopita kude ya ishirini na tano, iliyo ndani ya jiko chini ya benchi, iliachia gundi. Maji, yaliyokuwa na haya mbele ya robine, hapo hayakuwa na haya hata kidogo: yaliruka moja kwa moja kwenye makaa. Placide alifika mbio na gundi na msumeno, akasimama nje, kwa kuwa mke wangu alikuwa ndani. Mke wangu naye hakuweza kutoka, kwa kuwa mlango ni mmoja na mkwe alikuwa amesimama karibu nao. Placide akasogea. Kwa bahati mbaya alisogea upande uleule ambao mke wangu alitaka kutokea. Wakarudi wote. Olga ikabidi awe posta. Alikwenda na kurudi: «Mama, bwana yangu anauliza kama inavuja sana.» «Mwambie nimesimama juu ya benchi.» «Anasema mama apitie dirishani.» «Mwambie mama yake ndiye apitie dirishani, mie niko na goti.» Olga, kwa busara, ujumbe huo hakuufikisha wote. Hali hiyo ilidumu mpaka tanki likaisha. Siku mbili mvua haikunyesha, na siku zote mbili Anastasie alishuka chemchemi na bido. Nilipomkuta anapanda, ameshika jiwe kwa mkono mmoja na goti kwa mkono mwingine, nilianza kumweleza tena jinsi Placide anavyomheshimu. Alishusha bido, akasema: «Baba Olga, mie sikuomba heshima. Niliomba maji.»

Hapo ndipo nilipokaa kuandika.

6. Kuhusu baraza lenyewe. Nasema kwa unyenyekevu wa mdogo mbele ya wakubwa. Kikao cha kumfungulia Placide njia kimeitishwa mara tatu katika miaka mitano. Mara ya kwanza, viti vilikwenda msibani vikarudi pungufu, na kila aliyebaki amesimama akasema hawezi kupokea mkwe akiwa wima. Mara ya pili ilikuwa mvua na daraja. Mara ya tatu wote mlifika, viti vilitosha, jua liliwaka. Mkaanza kwa kujadili nani atafungua kwa sala, Wakristo au ndugu zetu Waislamu, kila upande ukiusihi mwenzake utangulie, na adabu hiyo ikaendelea mpaka wa mbali wakasema njia ni ndefu, wakapanda pikipiki. Yule kuku aliyetengwa kwa shughuli hiyo amekwisha kuwa bibi. Ana vizazi vitatu uani kwangu, na simwoni mtu atakayekuwa na moyo wa kumla. Ninyi mlidhani mmeahirisha kikao. Mimi nimeishi na kikao hicho: kimezunguka nyumba yangu, kimepinda mara ishirini na saba, na kinadondoka kwenye beseni.

7. Kuhusu sheria. Najua kwenye kikao wapo watakaosema Placide ana haki, kwamba pahali mikono yake imefika, amefika. Vizuri. Tukubali, halafu tufuate hesabu bila kuogopa jibu. Ikiwa bomba ni mkwe, basi nina wakwe wawili na nimepokea mahari ya mmoja. Ikiwa bomba ni mkwe, mwaka huu halikuhudhuria mazishi hata moja, wala halikutuma salamu. Ikiwa bomba ni mkwe, basi limelala nyumbani kwangu tangu mwezi wa saba likiwa limeegemea ukuta wa chumba changu, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza kama nimelikubalia. Lakini nasema haya kwa kupita tu. Hoja yangu kubwa ni hii. Kinachotoka ndani ya mkwe ni nini? Ni watoto wake. Na watoto wa mkwe wangu ni nani kwa Anastasie? Ni wajukuu wake. Ndugu zangu, maji yale ni wajukuu wa mke wangu! Na tangu lini, katika ukoo huu, mjukuu akazuiwa kumkimbilia bibi yake? Mjukuu humrukia bibi mapajani, humwita mke mwenza, humvuta kitambaa kichwani, humlowesha nguo, na bibi hucheka. Basi maji hayo yaachwe yaje kwa kukimbia, kwa kelele, kwa njia ya mkato, kama wajukuu wote wanavyokuja kwa bibi aliyeshika sufuria. Kuyazungusha nyuma ya nyumba na kuyaingiza moja moja, yakitazama ukuta, ni kumnyima mwanamke uzao wake. Kosa hilo mimi silijui jina lake, lakini nina hakika lipo.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naliomba baraza, kabla ya chakula kugawanywa na si baada yake, liamue moja kati ya mambo haya.

Ama litamke wazi kwamba bomba la plastiki halina mama mkwe, hata likiwekwa na nani, na kwamba kude zote ishirini na saba zing'olewe, zibaki mbili tu, moja ya kutokea kwenye tanki na moja ya kuingilia jikoni.

Ama, kama hilo ni zito, bomba lenyewe lifunguliwe njia kwa utaratibu wetu. Niko tayari kulifunga kitenge, na kumkabidhi mke wangu kuku kwa niaba yake. Shangazi mmoja aje kulishika upande wa mwisho na kumtambulisha: huyu ni mwanao, usimwonee haya.

Ama, na hili ndilo la heri kuliko yote, mtimize ile kazi ya miaka mitano, mumfungulie Placide mwenyewe. Akiweza kusalimiana na mama mkwe wake uso kwa uso, atalinyoosha bomba kwa asubuhi moja. Yeye mwenyewe ameniambia, akitazama chini kama kawaida yake: «Baba, mie pia nachoka na kuzunguka. Lakini siwezi kujifungulia.» Kijana huyu anawasubiri ninyi. Goti la mke wangu linawasubiri ninyi. Sioni kwa nini mambo mawili mazuri namna hiyo yangoje kiti.

Nawaomba msamaha pale kalamu ilipopanda sauti. Nisalimieni wote mlio hapo mmoja mmoja kwa jina, mkianzia na waliokuja kwa miguu; wagonjwa wapewe salamu kwa sauti ya chini; watoto waambiwe babu yao wa Kabambare bado anajua majedwali ya kuzidisha na atawauliza. Wale walioleta maandazi wasiondoke na sahani. Anastasie anawasalimu akiwa amekaa, kwa amri ya muuguzi. Placide anawasalimu nyote, isipokuwa wale asioruhusiwa kuwasalimu.

Nabaki, kwa heshima isiyohitaji kupinda,

Hippolyte,
mwalimu mstaafu

N.B. Barua ilikuwa imekwisha kufungwa, na Souleymane wa pikipiki ameifunga kwenye shati aje nayo Kasongo, nilipomwomba anirudishie. Asubuhi hii, bila taarifa, ameshuka hapa mama Marcelline, mama mzazi wa Anastasie, kutoka Lusangi, ana mikeka miwili na sanduku. Amesikia habari za goti. Atakaa mpaka Pasaka. Amewekewa kiti jikoni, penye mlango.

Mtakumbuka, au mtakuwa mmesahau, kwamba kikao cha kunifungulia mimi njia kwa mama huyu kiliahirishwa miaka thelathini na minne iliyopita.

Niliposikia kikohozi chake nilikuwa chumbani. Mlangoni nisingepita bila kuonekana. Nilitokea dirishani, kwa umri wangu huu, na kuanza kutafuta namna ya kuuvuka uwanja pasipo kupita mbele yake. Upande wa kulia ananiona. Upande wa kushoto ananiona. Ndipo macho yangu yalipoangukia bomba. Nililifuata. Lilipoinama niliinama, lilipopinda nilipinda, na kila kude ilinificha mahali nilipostahili kufichwa. Hakuna hata moja iliyozidi. Nilipofika ya ishirini na mbili nilisimama, nikamwomba Placide msamaha moyoni, maana yeye mwenyewe hakuwepo: alikuwa mbele yangu, kwenye ya ishirini na tatu, amejificha asionwe na wakwe wawili.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, ya kwanza hadi ya saba, na kuliomba baraza lisiguse kiungo hata kimoja. Badala yake, Souleymane akirudi, mnitumie kude nyingine tisa, ili njia hii iendelezwe mpaka chooni. Jambo hilo halihitaji kikao, lakini linahitaji haraka. Mistari hii naiandika nyuma ya tanki, nilikorudi kwa kude zilezile, nimekalia ndoo.

Maji nayo hayana neno tena. Mama Marcelline amekaa mbele ya robine na rozari yake. Beseni likijaa anamimina, analitega lingine, na amemkataza Anastasie kuinuka. Anasema haraka ya nini, yeye amekuja mpaka Pasaka. Nimemsikia kupitia ukutani akilisifu bomba: «Huyu mwenye kuliweka, wazazi wake walimufunza.» Halafu akauliza: «Na bwana yako iko wapi? Tangu nifike sijamuona.»

Anastasie, ambaye sijamsikia akicheka tangu mwezi wa nne, alicheka mpaka sufuria ikaanguka.

«Iko anafika, Mama,» akasema. «Anafuata bomba.»